Nilimwonyesha Daktari Mahali Nisipopajua

Admin, jina langu ficha kabisa, watu wa kanisa letu wako humu kwa group. Niko na miaka arobaini na sita, mama wa watoto watatu, naishi mtaa wa Mountain View, na kanisani mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama. Naandika kwa kompyuta ya saiba hapa tao, mjini, ndio watu wa nyumbani wasione.

Mwaka jana nilipata uvimbe kwa titi la kushoto, mkubwa kama ndimu. Saratani. Daktari akasema tuanze na kemo, zile dawa kali za saratani, uvimbe upungue, halafu atatoa kipande tu na titi libaki. "Lakini Mama, kwanza nikuwekee nukta ya wino kwa ngozi, haitoki. Uvimbe ukiisha nitajua ulikuwa wapi."

"Wino hautoki? Hiyo si tattoo?"

"Ni nukta tu, Mama."

Nikakataa katakata. Mjue ni mimi nilisimama kwa mkutano nikamtoa msichana mmoja kwaya kwa sababu ya ua alilochorwa begani. Alilia, nikamwambia mwili ni hekalu. Sasa mimi nichorwe, tena kwa titi? Ningemtazama na macho gani? Nikamwambia daktari nitapakumbuka, mwili ni wangu. Mimi na huu mdomo wangu!

Kemo ilinimaliza. Nywele zikaenda, kucha zikawa nyeusi. Uvimbe nao ukaisha, kabisa. Mume wangu alipiga magoti hapo jikoni akilia kwa shukrani. Mimi sikusikia kitu, si furaha si huzuni. Niliendelea kukata mboga ya sukuma.

Ijumaa iliyopita daktari alinipapasa, hakupata kitu. Kwa picha pia hakuna kitu. Akasema ugonjwa unaweza kuwa umebaki palepale, lazima akate. "Mama, una uhakika ulikuwa wapi? Kama huna, itabidi nitoe titi lote."

Mume wangu alikuwa ameketi hapo, ananiangalia. Nikaweka kidole. Daktari akachora mduara na kalamu, akasema nisiuoshe mpaka Alhamisi, siku ya upasuaji.

Wenzangu, nilibahatisha. Sijui kama ulikuwa pale juu ama huku karibu na kwapa. Nikijipapasa ni nyama tu. Mume wangu anaambia kila mtu titi limeokoka. Mimi nikioga napitisha kitambaa kandokando ya huo mduara usifutike, na najua ni uongo mtupu.

Jana yule msichana wa kwaya aliniletea uji. Hakunikumbusha ubaya niliomfanyia hata kidogo. Akauliza, "Mum, daktari amejua pa kukata?" Nikamwambia ndiyo, amejua.

Leo ni Jumanne. Nimeshika simu mara mbili nimpigie daktari, nikaiweka chini. Nikisema ukweli, titi linaenda. Nikinyamaza, labda linabaki na ugonjwa wake ndani. Ningetaka hata kuogopa lakini uoga hauji. Nyinyi ambao bado mnasikia uchungu, nishaurini, nifanye nini kabla ya Alhamisi?