Pua ya Jirani wa Ghorofa ya Tisa

Jirani yetu wa ghorofa ya tisa, hapa mtaani Agincourt, anapenda manukato mno. Ukiingia kwenye lifti unajua kama ameshapita. Ila siku chupa za tope zinapofika kwenye maabara anakofanya kazi, hajipaki chochote wala hali kitunguu. Tope hilo huchotwa baharini, chini ya vizimba vya kufugia samoni, na kabla ya kugusa mashine yoyote yeye hulinusa. Likinuka yai viza, basi mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki vimeua viumbe wa chini. Mwaka jana lilinuka hivyo, naye akawaambia wafugaji waondoe vizimba, ghuba ipumzike mwaka mzima. Walikubali shingo upande. Sasa walikuwa wakisubiri jibu lake: warudishe vizimba au la.

Shule ilipotutuma tukatazame watu wazima kazini, nilimfuata yeye. Alivua pete zake tatu, akafungua chupa, akafumba macho. Akanusa. Akanusa tena. Jamani, nilisahau kupumua!

"Anti, vipi?"

"Nyamaza wewe, unaniletea harufu ya hiyo bablishi unayotafuna."

Akamimina tope kwenye chekeche, akalisuuza polepole. Akabaki kome mdogo kama punje ya mchele. Alipomgusa kwa ncha ya kidole, kome akajifunga.

"Mzima," alinong'ona, akaketi kama aliyetua mzigo. "Haya, nipe mkoba wangu."

Alijipulizia manukato mpaka nikapiga chafya, ndipo akawapigia simu wafugaji.