Vioo vya Hadubini ya Baba Mkubwa

Baba yangu mkubwa, fundi saa, hajawahi kuona kitu kilichofungwa akakiacha hivyohivyo. Redio ya mkewe aliifumua siku ileile ilipoletwa nyumbani, nzima kabisa. Kwa hiyo shule ilipotupa vikorokoro vya maabara, naye akarudi amekumbatia sanduku la mbao kama kabeba kichanga, sikushangaa hata kidogo.

Ndani mlikuwa na hadubini ya kizamani ya shaba ya manjano, kibano, lenzi na kidroo cha vipande vya kioo. Kila kioo kilikuwa na kidoa katikati, kimegandishwa chini ya kioo kingine chembamba. Karatasi za majina zilishaliwa na mende. Sasa ni nini hicho? Bawa la nzi? Damu ya mtu aliyekufa kabla babu zetu hawajazaliwa? Hamu ilimnyima usingizi. Lakini skrubu ya kushushia lenzi ilikuwa imelika meno, na ya namna ile haiuzwi popote. Akaanza kuichonga mwenyewe kwa tupa, saa za watu zikimsubiri. Mama mkubwa alinung'unika kwamba aliolewa na fundi, sasa anaishi na mpelelezi.

Siku skrubu ilipokubali, mama mkubwa naye akaona asaidie. Yule mama na usafi, jamani! Akavitia vile vioo kwenye beseni la maji ya pipa, akaviroweka, akavisugua, akavipanga mezani vinang'aa. Akasema vilikuwa vichafu mno.

Baba mkubwa aliinua kimoja kwenye mwanga, kisha kingine. Hakikubaki kidoa hata kimoja. Mama mkubwa akaelewa, akakaa. Roho iliniuma kwa wote wawili.

"Maji umeshamwaga?" baba mkubwa akauliza taratibu.

Hakuwa amemwaga, maji kama hayo huwa anamwagilia maua. Baba mkubwa akachota tone, akaliweka chini ya lenzi, akainama mpaka mimi nikaumwa shingo. Halafu akampisha mkewe kiti.

Mama mkubwa akachungulia, mdomo wazi. Zamu yangu ilipofika nikaona vijidudu vinakimbizana, vinagongana, vizima kabisa. Hata mimi niliyekimbia sayansi najua kilichogandishwa kwenye kioo miaka yote hiyo hakiogelei. Wale walitoka kwenye pipa letu.

"Ndio hao waliokuwa kwenye vioo?" mama mkubwa akauliza.

Baba mkubwa, ambaye hajawahi kuisingizia saa ya mtu ugonjwa, akamtazama.

"Ndio hao," akasema. "Umewaamsha."