Tanuri la Wifi Yangu

Wifi yangu alirudi kwao Ihembe mwaka uleule nilioolewa mimi. Ndoa yake katika kijiji cha Kanoni ilikuwa imevunjika. Alikuja na sanduku la bati na jembe. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, alimkatia kipande ukingoni mwa kibanja, shamba letu la nyumbani, nyuma ya migomba, lakini nyumba hakuwa nayo, akawa analala jikoni kwangu.

"Nitajenga ya matofali ya kuchoma," alitangaza siku moja tukimenya ndizi.

Mume wangu akacheka. "Mdogo wangu, jenga ya miti na udongo kama sisi."

Hakubishana. Kiangazi kilipofika alifyatua matofali, akapanga tanuri mwenyewe, akawasha. Mimi nilimsaidia kusomba maji tu. Moto ulizimika kabla haujapenya katikati, na mvua ya kwanza ilipopiga, karibu tanuri zima likarudi kuwa tope. Jumapili, nje ya kanisa, wanawake walimpa pole huku wakibana vicheko.

Aliumia sana, hata chakula kilimshinda. Kisha asubuhi moja nikamkuta amepiga magoti kwenye lile tope, anachambua vipande vichache vilivyoiva.

"Wifi, njoo uone! Haya yalikuwa karibu na mdomo wa moto. Kumbe kuchoma naweza. Kupanga ndiko nisikokujua."

Akaenda kijiji cha Songambele, kwa mzee mmoja mwenye asili ya Burundi aliyeishi kwa kazi ya kuchoma matofali.

"Shikamoo, mzee," alimwambia. "Nifundishe, nami nitakukanyagia udongo."

Akaukanyaga msimu mzima. Alirudi amekonda, viganja vimepasuka, lakini anaongea harakaharaka kama mtu aliyechelewa.

Safari hii aliacha midomo mipana ya moto, akalikandika tanuri lote kwa matope, wala hakuondoka pale mpaka moshi ulipokwisha. Tulipolifungua, matofali yalikuwa mekundu hadi ndani. Mume wangu akachukua mawili, akayagonganisha, yakalia kama chuma. Alivua shati, akaanza kuyabeba hadi kiwanjani kwa mdogo wake.

Kufikia miaka ya tisini, wajane na walioachika walikuwa wakimwita awachomee, hata huko Kanoni. Nilimuuliza kama hakuona vibaya kurudi kule.

"Nilipita mbele ya nyumba ya yule aliyekuwa mume wangu," akanijibu. "Nikamsalimia, nikaenda zangu kazini."