Kisu cha Eizo

Kuramitsu Tokuji alikuwa seremala wa mahekalu kwa miaka hamsini na miwili, na mwaka huo wa mwisho alikuwa akificha jambo moja: mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Chai haikumuumbua, maana kikombe kila mtu hukishika kwa mikono miwili. Vijiti vya kulia chakula ndivyo vilivyomtia adabu, hasa kwa maharage, yanayookotwa mojamoja. Basi akatangaza kwamba maharage meusi hayataki tena.

"Baba Chizuru, tangu lini maharage yamekukosea?" mkewe Sumie alimuuliza.

"Tangu ulipoyazidisha sukari."

Randa yake ilikuwa na kisu kilichofuliwa na mdogo wake, Eizo, mhunzi, ambaye mapafu yalimuua miaka tisa nyuma. Hicho ndicho kitu pekee cha Eizo kilichokuwa bado kinafanya kazi duniani. Lakini kisu hupungua kila kinaponolewa, na cha Eizo kilikuwa kimebakiza chuma kigumu kisichofika hata upana wa kidole. Tokuji aliomba wamalizike pamoja, yeye na kisu.

Msimu huo wa theluji kikagoma kukata. Kisu cha randa ya kwao kina mgongo wa chuma laini na tumbo la chuma kigumu lenye kibonde katikati. Ukikinoa sana, makali hufika kwenye kibonde, na hapo huna budi kukigonga mgongoni kwa kinyundo, pole pole, mpaka tumbo lisogee na kuziba kibonde hapo penye makali. Upige palipo laini. Ukiteleza kwa upana wa punje ya mchele ukakipata kigumu, kimepasuka. Na mtu hampi mwenzake kisu chake akigonge, kama asivyompa mswaki wake.

"Mpelekee Hoshina," Sumie alisema huku akikata figili. Hoshina alikuwa seremala jirani, aliyefundishwa na Tokuji mwenyewe.

"Hoshina ana mkono mzito."

"Mzito, lakini umetulia."

Tokuji alinyanyuka. Sikio la kufa halisikii dawa. Alikwenda karakanani, akakiegemeza kisu kwenye ukingo wa fuawe, akabana kiwiko ubavuni, akangoja mkono upoe. Ulipoa. Akagonga mara thelathini, kwa mlio mzito uleule ambao Sumie aliuzoea kutoka jikoni kwa miaka arobaini. Alipokipima, tumbo lilikuwa limesogea, isipokuwa kwenye pembe moja tu. Pembe hizo hata Eizo alikuwa hazihangaikii. Kisu kingekata hivyohivyo, naye alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Ila alitaka akirudishe ndani kimekamilika, akiweke mbele ya yule mwanamke na figili zake.

Akagonga mara moja zaidi.

Mlio ulikuwa mwembamba, kama wa kikombe kilichogongwa. Jikoni nako kisu cha figili kilinyamaza.

Ufa ulianzia pembeni ukapanda hadi mwisho wa chuma kigumu. Hapakuwa na cha kunoa tena. Alitafuta wa kumlaumu: baridi, kinyundo, Hoshina. Kisha akalia, mzee wa miaka sabini na mmoja, pale juu ya maranda, akimwomba msamaha marehemu.

Sumie alisimama mlangoni. Tokuji akaunyoosha mkono wake mbele ya mkewe, ukitetemeka waziwazi.

"Hautulii," alisema.

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu maharage."

Sumie alikiokota kisu, akakipaka mafuta kama kingetumika kesho, akakirudisha ndani ya randa.

Jioni aliweka mezani bakuli la maharage meusi, na mbele ya mumewe, mahali pa vijiti, akaweka kijiko. Tokuji alikitazama mpaka wali ukapoa. Kisha akakichukua.