Simbamarara wa Bhanwarlal

Kwa miaka mingi dereva Bhanwarlal aliwachukua wageni Jaipur alfajiri na kuwarudisha jioni: asubuhi magofu ya Bhangarh, mchana hifadhi ya Sariska. Kila akirudi, majirani walijaa barazani kwake kusikia habari za simbamarara. Naye alisimulia kwa madoido: mnyama alivyonyata, alivyopiga miayo, alivyomkazia macho yeye mwenyewe. Kasoro ni moja tu: hakuwahi kumwona hata mkia. Hifadhini wageni huingia kwa magari ya jipu ya pale pale, na dereva wa mjini hubaki langoni. Bhanwarlal alilaza kiti akakoroma, kisha njiani akaokota maneno ya wageni.

Kwa hiyo binti yake Lalita alipowakatia wazazi wake tiketi za matembezi yale yale, mkewe Kesar alifurahi, Bhanwarlal akakosa usingizi. Akiumbuka, atamtazamaje tena mtu yeyote pale mtaani?

Kule Bhangarh, Bhanwarlal alitamba kwa haki, maana huko madereva huingia. Alimwonyesha Kesar soko lisilo na mapaa, wakala mikate ya uwele na chatne ya kitunguu saumu wameketi ukutani huku kima wakiwavizia. Ilikuwa raha tupu. Lakini kwenye lango la Sariska, Harsahay, mwongozaji aliyezoea kunywa naye chai, akamwaga mtama.

"Shemeji, karibu. Kaka Bhanwar, leo umeamua kuingia? Usingizi wako umemwachia nani?"

Bhanwarlal alitamani ardhi immeze. Kesar alijitanda mtandio, akapanda gari. Walipofika msituni akamgeukia mumewe.

"Baba Lalita, mimi nilijua zamani. Simbamarara gani kila mwaka anaota masharubu mapya?"

"Na ukaninyamazia?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri. Nikuharibie ya nini?"

Moyo wa Bhanwarlal ukatua, na ulimi nao ukarudi. Paa alipolia kwa hofu bondeni, Bhanwarlal, aliyekaa kiti cha mbele kama kawaida yake, aligeuka nyuma kumweleza mkewe, kama abiria wake, kwamba mlio ule maana yake simbamarara yu karibu. Alieleza kwa kituo, kidole juu. Kesar alimshika mkono, macho yamempita begani. Bhanwarlal alipogeuka, aliona majani yakitikisika tu.

Njia nzima ya kurudi yeye ndiye aliyeuliza. Simbamarara yule alikuwa mkubwa kiasi gani? Alitembeaje? Kesar alijibu moja moja, na alipomwona amenywea, akamwambia majirani hawana haja ya kujua. Aseme tu wamemwona wote wawili.

Barazani watu walikuwa wameshakaa, na wote wakamgeukia Bhanwarlal. Akakohoa. Akakivuta kile kigoda chake cha kusimulia, akakisogeza kwa mkewe.

"Leo mniwie radhi," alisema. "Mimi nilikuwa nimegeuka. Aliyemwona ni Mama Lalita."

Kisha akaenda kuketi chini pamoja nao, asikilize.