Fundi Makochi Asiyefunika Kabla ya Kufungua

Saa mbili asubuhi, kibandani kwa fundi makochi. Kaka yake mkubwa ameleta kochi na anataka livalishwe kitambaa kipya tu. Fundi, baba wa pacha, mwenye miaka hamsini na minane, anatikisa kichwa na kuanza kung'oa pini. Hapa kochi halifunikwi kabla halijafunguliwa, hata liwe la ndugu.

“Nje linang'aa, ndani sponji imeoza,” anasema. “Mimi sidanganyiki.”

Mwaka jana alijidanganya mwenyewe. Maumivu makali ya tumbo, upande wa kushoto chini, yalimwangusha akiwa kazini, na homa juu. Hospitali walikuta vijifuko kwenye ukuta wa utumbo mpana vimevimba na kupata maambukizi. Akalazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani buheri wa afya.

Daktari alimtaka arudi uvimbe ukishatulia, utumbo uangaliwe kwa kamera, kwani mara nyingine nyuma ya uvimbe kama ule hujificha saratani. Fundi aliitikia, kisha akaanza kupiga chenga. Leo kuna kazi ya mteja mkali, kesho mvua. Ukweli ni kwamba aliogopa jibu, na njia inakopitishwa kamera hiyo, ya haja kubwa, ilimtia haya.

Mkewe, anayeshona foronya kibandani humo humo, alivumilia hadi akachoka.

“Baba Pacha,” alimwambia, “kuisha maumivu ni kitambaa kipya tu. Ndani nani kaangalia?”

Wakapanga siku ya kwenda. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, na anasema nusura ahamishie kitanda chooni. Kipimo chenyewe hakikumuuma, alikuwa amechomwa sindano ya usingizi.

Kamera ilikuta kinyama kidogo, cha aina ambayo ikiachwa huweza kugeuka saratani. Kilitolewa hapo hapo na kupelekwa maabara. Walipokuwa wakisubiri majibu, fundi alivalisha mto wa mteja kitambaa ndani nje.

Haikuwa saratani.

“Nililia,” anasema bila kuona aibu. “Mama Pacha naye akalia, halafu akanicheka.”

Ataendelea kukaguliwa kila daktari atakapomwita. Mpango wake wa sasa ni kumpeleka kaka yake, ambaye hajawahi kupimwa na hudai hana haja kwa kuwa haumwi popote. Fundi anavuta kitambaa cha zamani, na sponji iliyooza inamwagika sakafuni. Kaka mtu anaitazama.

“Kochi hili nitalitengeneza vizuri,” fundi anamwambia. “Lakini halitoki hapa mpaka na wewe ukaangaliwe.”