Mlango wa Nyuma Baada ya Kutoa Spea

Gari langu ni la aina ile inayobeba tairi la akiba mgongoni. Tairi limefungwa kwenye mlango wa nyuma, na mlango wenyewe unafunguka kwa ubavu kama wa kabati. Nililitoa tairi hilo kwa sababu moja tu. Mama yangu, ambaye tunaishi naye hapa Lyamkena, Makambako, alikuwa amevunjika paja akawekewa vyuma, na siku yake ya kurudi Bulongwa hospitalini ilikuwa inakaribia. Kovu lilikuwa limeanza kuvimba. Alisema haumwi. Mimi niliogopa kwamba vyuma vimesogea.

Kwa mtu anayetembea na fremu ya chuma, mlango wa mbele uko juu mno. Nikaamua atapitia nyuma, ambako kuna nafasi ya kumwingiza akiwa ameketi. Lakini bawaba za mlango huo zilikuwa zimelegea kwa uzito wa tairi, hata kuufungua kukahitaji mtu mmoja wa kuvuta na mwingine wa kuunyanyua. Nililipima tairi pamoja na rimu yake kwenye mizani ya viazi ya jirani: kilo thelathini na nne. Nikalihamishia juu ya paa, kwenye keria. Mlango ukawa mwepesi. Kazi ilikuwa imekwisha, na ingebaki imekwisha kama ningekuwa naishi mahali pasipo na watu.

Mlangoni palibaki bamba la chuma lenye bolti tatu zilizochomoza. Sijui ni kasoro gani ya akili inayomzuia binadamu kuziona bolti tatu bila kutaka kuzitundikia kitu.

Wa kwanza alikuwa fundi wa gereji, aliyekuja kukaza keria.

"Mzee, hapo yanakaa madumu mawili ya dizeli. Safi kabisa."

Nilimweleza kwamba madumu mawili yaliyojaa ni mazito kuliko tairi nililolitoa.

"Basi usiyajaze," akasema.

Huyo ndiye mtu ambaye Makambako nzima inampelekea breki zake.

Wa pili alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeuza miche ya parachichi. Yeye alitaka pale liwekwe bango lenye picha ya parachichi lililopasuliwa na namba yake ya simu.

"Shemeji, kila wiki unakwenda Njombe na mgongo mtupu. Huoni ni hasara?"

"Nani atasoma namba ya simu kwenye gari linalotembea?"

"Wanaokwama nyuma yako. Kwa mwendo wako watasoma, watapiga, na tutakubaliana bei kabla hujafika mjini."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka chini sufuria. Mimi sikucheka, kwa kuwa kilomita hamsini kwa saa ni mwendo sahihi kwa gari la umri ule.

Kisha akaja jirani yetu, mwalimu mstaafu, ameshika simu yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Ndani ya simu kulikuwa na Mzungu aliyefunga meza ya kukunja kwenye mlango kama wangu, akatoa jiko la gesi, na sasa anakaanga mayai katikati ya msitu. Tuliitazama video hiyo hadi mwisho. Mtu mwenye nyumba, na bila shaka mwenye jiko, ameendesha siku nzima ili akakaange mayai akiwa amesimama kwenye matope. Mwalimu alilitazama jambo hilo kwa heshima kubwa. Nilimuuliza yeye angekwenda kukaangia wapi. Akasema labda hifadhi ya Kitulo. Nikamkumbusha kwamba alikulia pembeni ya Kitulo, na alisoma kwa bidii miaka yote ile ili aondoke.

Lakini waliovuka mpaka ni watu wa usharika wangu. Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Kwetu siku hiyo watu huleta sadaka za mazao, na baada ya ibada hunadiwa hapo nje. Nilikuwa nimeegesha karibu na mlango wa kanisa. Nilipotoka, nikakuta mlango wangu wa nyuma uko wazi, mkungu mzima wa ndizi unaning'inia kwenye bolti, na jogoo amefungwa kwenye kitasa. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama mbele yake akinadi.

"Jogoo huyu amekaa ibada nzima bila kusinzia. Nani kati yenu anaweza kusema hivyo?"

Nikaenda moja kwa moja kuutoa mkungu.

"Baba, subiri, huo bado haujapata mnunuzi."

"Bawaba haziwezi kusubiri."

"Mmesikia, baba ameupenda kiasi hawezi kusubiri. Kuna wa kupandisha juu yake?"

Hakuna aliyepandisha. Nikaondoka na mkungu wa ndizi ambao sikuutaka, na nyuma yangu mzee akasema kwa sauti ya upole, "Mwakani tuwekee meza, tusiwe tunatundika."

Ningependa kuandika kwamba mimi peke yangu nilibaki na akili timamu. Haikuwa hivyo. Neno meza lilinikaa. Nilikuwa na kitabu cha zamani cha ufundi wa magari na daftari la mistari, na kwa wiki mbili nilichora. Mlango ukifunguliwa robo duara, ubao ulioshikizwa upande wake wa ndani ungelala sawasawa nyuma ya sakafu ya gari. Mama angeketi juu ya ubao, kisha tungemtelezesha ndani. Nilizitoa bolti zile tatu, nikapitisha ndefu zaidi hadi ndani, nikashikiza mbao za pine, na kuweka mguu wa bomba unaoshuka hadi chini ili uzito usiende kwenye bawaba. Kwa hiyo nilikuwa nimeutundikia mlango meza, sawa na yule wa mayai, na nikajiona niko mbali naye kwa sababu ya ule mguu wa bomba.

Nilifanya majaribio kwa gunia la viazi, si lumbesa, gunia la kawaida nililolipunguza hadi likalingana na uzito wa mama. Nililiketisha na kulitelezesha mara tatu. Mama alikuwa barazani akipukuchua maharage.

"Hivyo viazi vinakwenda wapi?" akauliza.

"Haviendi popote, Mama. Najaribu meza."

Akaendelea na maharage.

Asubuhi ya safari kulikuwa na ukungu na ule upepo wetu wa Makambako usiochoka. Nililaza meza, nikakaza mguu wa bomba, nikamwita. Alikuja na fremu yake polepole, mke wangu akiwa pembeni. Alifika, akatazama ubao, akatazama ndani ya gari.

"Hapa sipandi."

Nilimweleza kuhusu mguu wa bomba. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba yako alirudi kutoka Bulongwa kwa mlango huu," akasema. "Na wewe ndiye uliyeendesha."

Ilikuwa kweli. Tena si yeye tu. Mtaani kwetu mtu akifia mbali, hutafutwa gari lenye nyuma ndefu, na langu ni refu. Nimewarudisha wengi. Jeneza huingia kwa nyuma, na mtu aliye hai hukaa mbele au hupandia ubavuni, hata kama amebanwa. Hakuna aliyewahi kulifundisha jambo hili, na hakuna Lyamkena asiyelijua. Daftari langu lilikuwa na urefu, upana, kilo na pembe, na hilo halikuwamo.

"Mama, ni mlango tu."

"Ni mlango tu. Basi pita wewe, nikuone."

Nilisimama. Mimi niliyewacheka wote wale, niliyejisomea fizikia kwa vitabu vya mnadani, nilikuwa na sentimita sabini za sakafu tupu mbele yangu na mama yangu akingoja. Sikupita. Niliinama nikajifanya nakaza nati ambayo ilikuwa imekazwa.

Saa zilikuwa zinakwenda, na siku aliyopangiwa ilikuwa hiyo. Chini ya kitenge niliona jinsi mguu ulivyovimba hadi karibu na goti.

"Leta gari barazani," mama akasema.

Baraza letu limeinuka sentimita hamsini na nane kutoka chini. Najua, kwa sababu nililijenga mwenyewe. Kulifikia kwa gari kulihitaji kukanyaga tuta la chainizi la mke wangu, na nilimtazama.

"Pita," akasema mke wangu. "Mboga zitaota."

Nikafunga meza, nikapita juu ya mboga, nikasimamisha gari ubavu kwa ubavu na baraza. Mama alitembea sakafuni hadi ukingoni, akageuka, akaketi kwenye kiti cha mbele kwa kutanguliza makalio, na mke wangu akaiingiza miguu mmoja mmoja. Ilichukua dakika nne.

Tulipita Njombe na Makete hadi kule juu. Bulongwa tulipokelewa na mhudumu aliyekuja na kitanda cha magurudumu. Alisalimia, akazunguka moja kwa moja nyuma, akafungua mlango. Meza ikamwangukia tumboni. Akaishika, akachungulia ndani.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Mama akagonga kioo.

"Huku mbele, mwanangu. Huko nyuma ameweka meza."

Walimshusha watu watatu. Picha ilionyesha vyuma viko palepale. Uvimbe ulikuwa wa kidonda cha juujuu, na alipewa dawa. Daktari alimwambia arudi baada ya miezi miwili, akauliza kama usafiri wa kumleta upo.

"Upo," mama akajibu. "Nitakuja nimekaa hivyohivyo, mbele."

Daktari akaandika tarehe tu.